Mafuta, Gia na Chasisi: Istilahi za Gari Dogo la Kijapani

Mwalimu mmoja wa ufundi wa magari mjini Moshi ametuandikia kutuuliza swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo: yale majimaji ya breki, je, katika Kiswahili sanifu yaitwe mafuta? Anasema wanafunzi wake wanatumia karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, nayo yawaagiza, katika mistari minne inayofuatana, wakague mafuta na kuyaongeza yakipungua. Mstari wa kwanza wahusu tangi la petroli, wa pili injini, wa tatu usukani, na wa nne breki. Mfasiri hakukosea sarufi mahali popote. Hata hivyo mwalimu ameambatisha kisa cha mwenye gari mmoja wa upande wa Kilema, aliyeisoma karatasi ya namna hiyo, akaona kichupa cha breki kimepungua, akachukua oili ya injini iliyokuwamo katika buti, akaimimina humo. Alitii alichoandikiwa. Baada ya siku chache raba zilizo ndani ya silinda za breki zikavimba, breki zikaanza kushika zenyewe, na alipokuwa akiteremka kuelekea Himo pedali ikazama hadi chini bila ya kufanya kazi. Gari likaacha njia likaingia shambani. Migomba ndiyo iliyolisimamisha.

Kwa kuwa swali hili lahusu watu wengi zaidi ya darasa moja, tumeona tulijibu kwa upana, na tulijibu kwa kulifuata gari moja tu tangu boneti hadi buti. Uzoefu wetu ni kwamba orodha ya istilahi ikitungwa mezani, bila ya kitu chenyewe kuwapo, hutoka maneno mazuri yasiyomfaa mtu. Tumechagua Toyota Corolla ile ambayo madereva wetu huiita "110". Si kwamba ni bora kuliko magari mengine. Hilo hatuna ujuzi wa kulipima. Ni kwamba barabarani kati ya Moshi, Kiboriloni, Himo na Marangu gari hili limezoeleka mno, na mafundi wamekwisha kulipa kila kiungo chake jina. Mwenye kutunga istilahi hana budi kuanzia hapo walipofika wao.

Corolla ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1966, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,077. Aliyeongoza uundaji wake, Tatsuo Hasegawa, alikuwa mhandisi wa ndege kabla ya kuwa mhandisi wa magari, na shabaha yake ilikuwa gari la familia ya kawaida: jepesi, lisilo ghali, na lisiloonekana la kimaskini. Jina lenyewe ni la Kilatini. Maana yake ya asili ni taji dogo, nalo hutumiwa na wanasayansi wa mimea kwa lile duara la petali za ua. Kwa hiyo kila mbuni wa Machame unapochanua una korola zake, kabla ya gari lolote kupita. Mwaka 1983 ilikuja Corolla ambayo injini yake huzungusha magurudumu ya mbele badala ya ya nyuma, badiliko ambalo tutalirudia. Hii ya 110 iliingia sokoni mwezi Mei 1995 na kubadilishwa mwaka 2000. Nyingi ya zile zilizofika kwetu zilikwisha kutumika huko Japani, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wake uko kulia na hauhitaji kuhamishwa.

Msomaji akilitazama gari hili ataona ni jembamba. Hilo halikutokea kwa bahati. Sheria za Japani huyaweka magari katika makundi, na gari likitaka kubaki katika kundi dogo ni lazima urefu wake usizidi mita 4.7, upana usizidi mita 1.7, na injini isizidi sentimita za ujazo 2,000. Waundaji walikaa ndani ya mpaka huo. Njia zetu za milimani, zenye mifereji na ua wa masale pande zote mbili, zimefaidika na sheria ambayo haikutungwa kwa ajili yake. Injini iliyo ya kawaida katika 110 ni ya sentimita za ujazo 1,498, yenye silinda nne na valvu kumi na sita. Ziko pia zenye 1,331. Uzito wa gari tupu ni kama tani moja.

Sasa maneno. Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lugha ya gari ilikuwa imekwisha kuzaliwa bila ya mkunga. Wako waliotazama baharini: usukani ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa motokaa. Wengi zaidi walitega sikio gereji, na ndiko tulikopata breki, gia, klachi, boneti, bampa, plagi, rejeta na honi. Baadaye yakaja maneno ya kutungwa, na mengine yamekubalika vizuri: vipuri, mkanda wa usalama, kiyoyozi, vilainishi. Twayataja haya kwa sababu mara nyingi twaambiwa kwamba wananchi hukataa kila neno la kutungwa. Hawalikatai. Hulikataa lile ambalo halisemi zaidi ya lile walilo nalo.

Tuanze na lililo jepesi. Magari ya namna hii, yenye viti vya mbele na vya nyuma na buti lililotengwa na abiria, Kiingereza cha Afrika Mashariki kiliyapa jina lililoingia kwetu kama "saluni". Neno hilo sasa ni la nyumba ya kusukia nywele, na tumewahi kuona tangazo la zabuni ambalo msomaji angeweza kudhani kwamba idara ilikuwa ikitaka gari la msusi. Makarani wengi huandika "gari dogo", nalo latosha katika mazungumzo. Lakini gari dogo laweza pia kuwa pikapu. Twapendekeza katika maandishi ya kiserikali kuandikwa "gari dogo la abiria lenye buti". Ni maneno mengi, lakini karani hataulizwa tena. Kuhusu upatanisho, twashikilia "gari hili" katika maandishi rasmi, tukijua vyema kwamba huko gereji watu wengi husema "gari hii", wala gari halikatai kuwaka.

Neno la chasisi lina shida ya aina nyingine. Asili yake ni ile fremu ya chuma, yenye maboriti mawili marefu, ambayo juu yake bodi hufungwa kwa bolti. Lori lina chasisi. Jipu la zamani lina chasisi. Corolla haina. Bodi yake yenyewe, yaani sakafu, nguzo za milango, paa na kuta za boneti, imeunganishwa kwa kuchomelewa ikawa kama sanduku moja, na sanduku hilo ndilo libebalo uzito wote. Ndiyo maana gari ni jepesi. Ndiyo maana pia likigongwa pembeni hata milango isiyoguswa huweza kukataa kufunga. Lakini kadi ya gari bado inayo nafasi ya namba ya chasisi, na kila mwenye Corolla huijaza. Je, tuseme wote ni waongo? La. Namba hiyo imegongwa juu ya bodi, nayo hutambulisha gari zima. Twamshauri mfasiri aache "namba ya chasisi" ibaki pale inapotaja utambulisho, kwa kuwa ni jina la namba na si jina la chuma. Ila katika maelezo ya ufundi asiandike kamwe "chasisi ya Corolla". Aandike "bodi bebezi". Neno hili tumelijaribu kwa mafundi wawili. Mmoja alicheka, wa pili aliuliza kwa nini halikuwapo siku zote.

Kuhusu nguvu ya injini kwenda kwenye magurudumu, mafundi wana usemi ambao sisi tusingeweza kuutunga vizuri zaidi: gari hili "linavuta mbele", na lile la zamani "linasukuma nyuma". Katika vitenzi viwili hivyo imo fizikia nzima. Gari linalovuta mbele limebeba injini na giaboksi juu ya magurudumu yaleyale yanayolivuta, kwa hiyo katika matope ya tambarare hushika ardhi vizuri. Likielekeza pua juu mlimani, uzito wake huegemea nyuma, mbele hupungua, na katika utelezi wa masika huko Uru au Kibosho magurudumu huzunguka bure. Madereva wengine hugeuza gari wakapanda kinyumenyume, na mgeni huwacheka. Lakini kwa kufanya hivyo wameurudisha uzito juu ya magurudumu yenye nguvu. Mfasiri aliyeandika "gari la uendeshaji wa magurudumu ya mbele" alimfanya msomaji adhani ni habari ya usukani. Kuvuta mbele na kusukuma nyuma yaingizwe katika vitabu kama yalivyo.

Ufundi huu wa kuvuta mbele ulileta kiungo kipya, kile ambacho huzungusha gurudumu huku gurudumu lenyewe likikata kona. Gereji huita sivijointi. Tumeona kimefasiriwa "kiungo cha kasi isiyobadilika". Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa mwananchi hayana maana, kwani kiungo anachokijua yeye ni kile kinacholia ka-ka-ka anapokata kona. Hulia kwa sababu ganda lake la raba limepasuliwa na kokoto, grisi imemwagika na mchanga umeingia. Hapa twakubali kushindwa kwa muda: tuandike sivijointi, na lile ganda tuliite "ganda la raba". Mafundi wengine huliita buti, lakini buti tunalo moja nyuma ya gari na jingine mguuni, nayo yanatosha.

Mji wa Moshi uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. (Wako wanaodhani kwamba jina la mji latokana na moshi wa garimoshi. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, ilhali Moshi ya Mangi Rindi ilikuwa ikijulikana kwa jina hilohilo miaka mingi kabla yake.) Lango la Marangu, wanakoanzia wapandaji wa Kilimanjaro, liko karibu mita 1,900. Huko juu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi ya injini ina oksijeni pungufu. Gari la zamani lenye kabureta halina habari hiyo. Humimina petroli kana kwamba liko Tanga, likatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Corolla ya 110 hunyunyiza petroli kwa nozeli, na kompyuta yake hupunguza kipimo kulingana na hewa iliyoingia.

Kinachoiambia kompyuta habari za hewa ni kile kidude ambacho gereji zote huita "sensa". Neno hili twalipinga waziwazi. Sensa ni kuhesabu watu, kama ilivyofanyika nchini mwaka 2022, na hakuna sababu ya kulibebesha mzigo wa pili wakati Kiswahili kina kitenzi cha kuhisi. Kihisi, wingi vihisi: kihisi cha hewa, kihisi cha joto, kihisi cha oksijeni. Neno ni fupi, ngeli yake haina utata, na mwanafunzi wa darasa la tano ataelewa kazi ya kidude kabla hajakiona.

Rejeta, kwa upande mwingine, tuiache. Kipozajoto limependekezwa, nalo lina kosa dogo la mantiki, kwani kinachopozwa ni maji wala si joto. Muhimu zaidi kuliko jina ni mfuniko wake. Kwenye mita 1,900 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini mfuniko wa rejeta huyabana yasichemke hadi yavuke nyuzi 100 kwa kiasi kizuri. Mtu akiufungua injini ikiwa moto, kanieneo huondoka ghafla na maji yote huchemka kwa pamoja usoni pake. Onyo la "usifungue mfuniko" lisifupishwe na mfasiri yeyote kwa kutafuta nafasi katika ukurasa.

Tumefika kwenye gia, na hapa twaomba subira ya msomaji. Vitabu vya Kiingereza humwagiza dereva anayeteremka mlima mrefu kutumia gia ambayo kwao huitwa ya "chini". Wafasiri kadhaa wameandika hivyohivyo: tumia gia ya chini. Sasa mweke kijana aliyejifunza udereva mwaka huu ndani ya Corolla yenye gia tano za mkono. Namba moja, tatu na tano ziko juu ya mchoro. Namba mbili na nne ziko chini. "Gia ya chini" kwake ni namba nne, naye atateremka Marangu na namba nne. Mwingine ameandika "gia ndogo", akimaanisha namba ndogo. Lakini fundi aliyewahi kufungua giaboksi anajua kwamba gia ya namba moja, ile ya upande wa kutoka, ni jino kubwa kuliko yote, na wako madereva wa malori ambao kwao "gia kubwa" ndiyo namba moja. Hivyo maneno mawili yaliyo kinyume yaweza kumaanisha kitu kimoja, na neno moja likamaanisha vitu viwili vilivyo kinyume.

Dereva wa Kiswahili amekwisha kutoka katika msitu huu zamani. Yeye husema "gia nzito" na "gia nyepesi". Nzito ni ile yenye nguvu nyingi na mwendo mdogo. Nyepesi ni kinyume chake. Haitegemei mchoro, wala namba, wala ukubwa wa jino. Twapendekeza gia nzito iwe ndiyo istilahi katika vitabu vya udereva, mitihani na vibao vya barabarani, na pale penye nafasi iongezwe namba: "gia nzito, yaani ya pili". Kwa magari yanayojibadilishia gia, ambayo ni mengi kati ya haya yaliyotoka Japani, iandikwe alama iliyo kwenye mkono wa gia wenyewe, yaani 2 au L, kwa sababu dereva huyo hana namba za kuchagua ila hizo.

Kinyume cha gia nzito ni ile tabia ya "kuachia frii", yaani kuteremka gari likiwa halimo katika gia yoyote ili kubana petroli. Tabia hiyo haibani hata kidogo katika gari la nozeli. Gari hilo likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta hufunga petroli kabisa na magurudumu ndiyo huzungusha injini. Likiachiwa frii, injini huhitaji petroli ili isizimike. Tulipomweleza hayo dereva mmoja mzee wa njia ya Rombo alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuambia kwamba yeye haachii frii tangu siku aliyonusa breki zake zikiungua.

Harufu hiyo yaweza kuhesabiwa. Corolla yenye abiria watano na mizigo yao ina uzito wa kama kilo 1,400. Ikiteremka mita elfu moja, ambacho ndicho kimo kati ya lango la Marangu na Himo kwa makadirio, mlima huirudishia nishati ya jouli milioni 14 hivi. Sehemu yake huchukuliwa na hewa na msuguano wa tairi. Iliyobaki, kama injini haisaidii, huwa joto katika breki. Jouli milioni 14 zingetosha kuchemsha lita 40 za maji ya bombani. Mwenye gari alifikirie joto hilo likiwa limekusanyika katika diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma, ambazo zote pamoja angeweza kuzibeba kwa mikono.

Kutoka kwenye diski joto hupenya hadi kwenye yale majimaji ambayo mwalimu wetu ametuuliza habari zake. Kazi yake ni kuchukua nguvu ya mguu kutoka kwenye pedali na kuifikisha magurudumuni kwa njia ya mirija. Yaweza kufanya hivyo kwa sababu hayabanikiki. Mvuke hubanika, kwa hiyo yakichemka, mguu hubana mvuke na gari halisimami. Aina iliyo ya kawaida katika magari haya, iandikwayo DOT 3, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikisha kunyonya maji ya kiasi cha asilimia 3.7 tu kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko wa Marangu tofauti hiyo ni nafasi kati ya kufika na kutofika.

Tena, na hili ndilo jibu letu, si mafuta. Hutengenezwa kwa glikoli na jamaa zake, vitu vinavyochanganyika na maji, ilhali mafuta hujitenga na maji. Raba za breki zimechaguliwa kuvumilia glikoli. Zikiguswa na oili ya madini hufura na kulainika. Jina la mafuta kwa hiyo halikuwa kasoro ya ufasaha tu. Lilimwambia mtu wa Kilema kwamba vitu viwili vinavyodhuriana ni ndugu.

Twafahamu kwa nini neno lilienea. Katika Kiswahili mafuta ni ya nazi, ya taa, ya kujipaka, ya kupikia na ya gari, na kila kitu kinachoteleza kidoleni huitwa hivyo. Dereva akisema "nimeishiwa mafuta" hakuna asiyejua kwamba ni petroli au dizeli. Huo ni utajiri wa lugha wala hatukusudii kuuondoa vinywani mwa watu. Twakusudia kuuondoa kwenye karatasi za maelekezo. Humo neno mafuta peke yake lisitumike. Kwa kinachowaka: petroli au dizeli. Kwa kinacholainisha injini na giaboksi: oili ya injini, oili ya gia, na kwa jumla vilainishi. Kwa kile cha usukani wa kusaidiwa, ambacho gereji huita haidroliki, jina hilo libaki. Na kwa breki: kiowevu cha breki. Kiowevu limo katika vitabu vya fizikia vya shule, kila aliyesoma sekondari amelikuta, na halina udugu wowote na chupa ya oili.

Mwenzetu mmoja katika kikao alipinga akisema kwamba hakuna muuza vipuri wa Moshi atakayeelewa mteja akimwomba kiowevu. Pingamizi lake ni la haki. Muuzaji kwa sasa ataombwa "breki fluidi" na atatoa anachojua. Lakini karatasi ya maelekezo haiendi dukani peke yake, na mtu akikuta neno asilolizoea karibu na breki zake atauliza kabla ya kumimina. Ugeni wa neno kwa mara moja huwa na faida.

Yamebaki machache ya breki. "Ngoma" kwa kile chombo cha duara cha nyuma ni tafsiri nzuri, kwa sababu ni ngoma kweli kwa umbo lake. "Viatu vya breki" si nzuri. Havivaliwi na yeyote. Mafundi husema brekishuu, nasi hatuna la kuwashinda mpaka sasa.

Pia mwalimu alitaka kujua, kwa nyongeza, kwa nini redio za magari haya hazipati vituo vingi, na kidude kinachouzwa kurekebisha hali hiyo kiitwe nini. Redio za Japani ziliundwa kupokea masafa ya megahezi 76 hadi 90, na vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo ni vile vichache vya mwanzo tu visikikavyo. Kidude hicho huyateremsha masafa yetu hadi pale redio inapoweza kusikia. Hakipanui chochote, ingawa huuzwa kwa jina la ekspanda. Kishusha masafa ndilo jina linalosema kweli.

Mistari minne ya karatasi ya Moshi tumeiandika upya na kumrudishia mwalimu, nayo yasomeka hivi: "Tazama kipimo cha petroli. Kagua oili ya injini kwa kijiti chake, injini ikiwa imezimwa. Kagua haidroliki ya usukani. Kagua kiowevu cha breki. Kikipungua, usiongeze oili ya aina yoyote, bali ongeza kiowevu cha DOT iliyoandikwa juu ya mfuniko, kisha mwonyeshe fundi mahali kilikopotelea." Ametujibu kwamba ameibandika ukutani karibu na shimo la kukagulia magari, na kwamba juu ya neno kiowevu mwanafunzi mmoja ameongeza kwa chaki: breki fluidi. Tumemwomba asiifute.